SAS peke yake, mihimili miwili au minne? Kuichagulia helikopta yako otopailoti ukiwa Wilson

"Fundi, nimeshauriwa nifunge otopailoti ya mihimili minne. Itaingia kwa hii?"

Aliyeniuliza ni mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa amesimama ubavuni mwa helikopta yake ya AS350 mbele ya hanga, kikombe cha chai mkononi, asubuhi moja ya Julai. Wingu lilikuwa limeinamia uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, hadi milima ya Ngong ikawa kama haijawahi kuwepo. Sikumjibu. Nilimuuliza, "Kapteni, ukienda Mara na kurudi, mkono gani hutangulia kuchoka?"

Akafikiri kidogo. "Wa kulia."

Wa kulia ndio unaoshika saikliki, ile fimbo inayosimama katikati ya magoti na kuinamisha rota mbele, nyuma na kando. Basi jibu alikuwa nalo mwenyewe, ila brosha ilikuwa imelifunika.

Brosha huhesabu mihimili, yaani mielekeo ya mwendo ambayo otopailoti inaishika kwa niaba ya rubani: miwili, mitatu, minne, na kila ukiongezeka mmoja bei inapanda. Mimi ni fundi wa umeme wa ndege, nimeifunga na kuifungua mifumo hii miaka mingi, na hesabu yangu ni nyingine. Nauliza hivi: ukishauwasha, ni wenzo gani unaobaki kuwa kazi yako? Rubani asiyejua jibu la swali hilo anaweza kuanguka na kifaa kizima kabisa, kisicho na hitilafu hata ya waya mmoja. Imeshatokea, nitafika huko.

Ufagio juu ya kiganja

Ndege ya mabawa ikipigwa na upepo, ukiiacha kidogo hujirudisha yenyewe. Helikopta haina adabu hiyo. Ikiwa imesimama hewani, upepo ukaisukuma, inaanza kuteleza. Mwendo ule wa kuteleza unaifanya rota iinuke upande inakoelekea na kuirudisha ilikotoka, lakini haifiki ikatulia. Inapitiliza, inateleza upande wa pili kwa nguvu zaidi, na kila bembea inakuwa kubwa kuliko iliyotangulia. Ni kama kusimamisha ufagio juu ya kiganja: unasimama kwa sababu mkono haukomi kusogea. Ndiyo maana ukimtazama rubani mzoefu unadhani hafanyi kitu, kumbe vidole vyake vinasahihisha kila sekunde.

Watu walianza kutafuta dawa mapema. Bell 47, iliyopata cheti cha matumizi ya kiraia Marekani tarehe 8 Machi 1946, ilikuwa na upau wenye vizito nchani, umefungwa kwenye mlingoti wa rota kwa pembe mraba na mapanga. Upau ule ulikuwa ukipenda kubaki katika uzungukaji wake hata kiwiliwili cha helikopta kikiyumba, na kwa njia ya vijiti ukaituliza rota. Hakuna waya wala kompyuta. Kila nikifungua kisanduku cha kisasa kilichojaa bodi za elektroniki naukumbuka upau huo, kwa sababu kazi ni ile ile.

SAS: inajua unazunguka, haijui uko wapi

SAS halisi, kifupi cha Kiingereza cha mfumo wa kuongeza utulivu, ndiyo ngazi ya chini. Jairo zinapima jinsi helikopta inavyozunguka: pua inainuka kwa kasi gani, inalala kando kwa kasi gani. Kompyuta inatuma amri ya kupinga mzunguko huo kwa vijiti vya umeme vilivyopachikwa katikati ya mlolongo wa vyuma unaotoka kwenye fimbo kwenda kwenye rota. Vijiti hivyo vinarefuka na kufupika. Fimbo yenyewe iliyo mkononi haitikisiki, na wewe unahisi tu kwamba helikopta imekuwa nzito kidogo na tulivu, kama gari lililobadilishiwa shokomzoba.

Vijiti hivyo vimepewa uwezo mdogo kwa makusudi. Mara nyingi ni kama asilimia 10 ya mwendo mzima wa fimbo. Kimoja kikienda wazimu na kujisukuma hadi mwisho, unashtuka, lakini asilimia 90 iliyobaki ni yako na unakishinda.

Sasa hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. SAS ya aina hii inapinga mzunguko, basi. Haikumbuki mkao uliokuwa nao dakika moja iliyopita. Ukilala kando polepole sana, kwake hakuna tatizo. Kwa hiyo inakupunguzia kazi, ila mikono haitoki kwenye fimbo.

Na jina lisikudanganye. HeliSAS ya Genesys, kampuni ambayo siku hizi iko chini ya Moog, ina "SAS" ndani ya jina lake lakini ni zaidi ya SAS. Inashika mkao, na juu yake kuna otopailoti ya mihimili miwili. Badala ya vijiti vya katikati inatumia mota zinazoishika fimbo kwa klachi, hivyo unaiona fimbo ikisogea yenyewe, na mkono wako ukitaka unaishinda. Nimesikia marubani wawili wakibishana kantini nusu saa nzima kuhusu "SAS", kila mmoja akizungumzia kitu tofauti.

Kushika mkao

Ngazi ya pili ndiyo iliyobadilisha maisha. Mfumo unapewa kumbukumbu: pua ilikuwa hapa, mabega yalikuwa sawa, na chochote kikiviondoa pale navirudisha.

Kwenye helikopta zenye trimu ya sumaku, yaani breki inayoishika fimbo pale ulipoiacha, yote yanaanzia kwenye kitufe kilichoko kwenye kichwa cha fimbo. Ukikibonyeza unasikia "tk" ya breki ya sumaku ikiachia, na fimbo inalegea mkononi. Unaipeleka helikopta katika mkao unaoutaka. Unaachia kitufe, "tk" tena, fimbo inakaza, na mkao huo ndio utakaolindwa. Ukitaka kubadilisha, bonyeza kwanza ndipo usogeze. Rubani anayesukuma fimbo bila kubonyeza anashindana na mfumo wake mwenyewe safari nzima, halafu akitua anakuja kuniambia kifaa kibovu.

Tulijaribu na kapteni wangu kwenye helikopta ya rafiki yake, kusini ya Mbuga ya Nairobi, juu ya mbuga za Athi, futi 7,000, mwendo wa noti 90 (kama kilomita 167 kwa saa). Mfumo umezimwa, akaondoa mkono kwenye saikliki, vidole vikiwa inchi moja tu kutoka hapo. Nikahesabu kwa sauti. Nilipofika nne pua ilikuwa inazama na upeo wa macho umeanza kuinama kushoto. Akaidaka. Akawasha, akaachia tena. Nilihesabu hadi thelathini nikachoka. Yeye alikuwa anakunja ramani magotini, na mstari wa upeo wa macho ulikuwa bado uko mahali pale pale kwenye kioo.

"Hii tu inanitosha," akasema. Nikamwambia asubiri, bado hatujafika kwenye hatari.

Mihimili miwili, na kolektivu inayosahaulika

Mihimili miwili maana yake mfumo unashika pua juu na chini, na kulala kando. Yote hayo ni saikliki. Ukiongezewa vitufe vya otopailoti, utaambiwa ushike mwelekeo, ufuate njia ya GPS, ushike kimo. Pedali za miguuni, zinazogeuza pua kushoto na kulia, ni zako. Kolektivu, yaani ule wenzo wa mkono wa kushoto unaoongeza nguvu na kuinua, nao ni wako.

Soma tena hapo kwenye kimo. Mfumo hauna mkono kwenye kolektivu, sasa unashikaje kimo? Kwa pua. Ukianza kuzama, unainua pua. Na pua ikiinuka bila nguvu kuongezwa, mwendo unapungua.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 27 hewa yake inakuwa nyembamba kama ya futi 8,000 na zaidi, kwa hiyo akiba ya nguvu uliyonayo Mombasa huku huna. Sasa unatoka Naivasha unapanda ukingo wa Bonde la Ufa kurudi nyumbani, kimo kimewashwa, na upepo unaomiminika kutoka juu ya ukingo unakusukuma chini. Otopailoti inainua pua kidogo. Noti 110. Inainua tena. 95. Wewe unaongea na abiria kuhusu flamingo. 80. Mfumo unafanya ulichouagiza, tena vizuri sana, na malipo unayatoa kwenye mwendo. Mwendo ukishuka chini ya kiwango chake, mfumo utakupigia kelele au utakuachia, na utakuachia ukiwa na pua juu, mwendo kidogo na ukuta wa mlima mbele.

Hili halihitaji helikopta ndogo wala rubani mmoja. Tarehe 23 Agosti 2013, Super Puma aina ya AS332 L2 ilikuwa inakaribia uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland huko Scotland, na watu 18 waliokuwa wakitoka kwenye mitambo ya mafuta baharini. Wingu lilikuwa chini. Otopailoti ilikuwa imeshika mihimili mitatu, ikidhibiti kasi ya kushuka kwa pua, na mwendo umebaki kwenye kolektivu, kwa mkono wa rubani. Mwendo ukapungua polepole na hakuna aliyeliona hilo kwa wakati. Helikopta iliangukia baharini kabla ya kufika, na abiria 4 wakafariki. Marubani walikuwa wawili, injini mbili, na wachunguzi wa Uingereza hawakukuta hitilafu ya mtambo iliyosababisha.

Kwa hiyo anayenunua mihimili miwili anunue na mazoea haya: kidole kikigusa kitufe cha kimo, jicho liende kwenye kipimo cha mwendo na mkono wa kushoto uamke. Mimi huwaandikia kwa kalamu ya alama kwenye utepe mweupe chini ya dashibodi: KIMO = MKONO WA KUSHOTO. Haipendezi, lakini inasomeka.

Wa tatu na wa nne

Mhimili wa tatu ni pedali. Kwa safari za kawaida sioni haja kubwa, kwa sababu ukiwa na mwendo mkia unajinyoosha wenyewe kwa upepo. Faida yake iko kwenye kusimama hewani, kwenye kona zilizo sawa sawa, na kwa anayeruka ndani ya wingu kwa vyombo. Otopailoti ya Garmin GFC 600H, iliyopata idhini kwa AS350, inakupa mhimili huu kama nyongeza ukiutaka.

Wa nne ndio kolektivu yenyewe, na hapo mchezo unabadilika. Kimo sasa kinashikwa kwa nguvu na mwendo kwa pua, kila kazi na mkono wake. Helikopta za injini mbili kama AW139 na H145 ndivyo zilivyo. Unaweza kuiamuru helikopta ishuke, ipunguze mwendo na isimame hewani yenyewe, jambo ambalo usiku juu ya maji ni uokovu hasa. Lakini mfumo huo unataka mota kwenye kolektivu, kompyuta zaidi ya moja zinazokaguana, ulinzi usiruhusu torki (nguvu inayozungusha rota) kupita kiwango, na marubani waliofundishwa upya na wanaorudia mafunzo. Mara nyingi unazaliwa na helikopta kiwandani. Kwa helikopta za injini moja zilizojaa Wilson, utakachokuta sokoni ni hasa miwili au mitatu. Aliyemshauri kapteni wangu "minne" alikuwa anauza jina.

Wingu la Juni hadi Agosti

Kuna sababu moja ambayo kwangu inazishinda zote. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua marubani 20 wa ndege za mabawa wasio na ujuzi wa kuruka kwa vyombo, kikawapa hali inayofanana na kuingia winguni. Wote 20 walipoteza udhibiti, kwa wastani wa sekunde 178. Hiyo ni ndege inayojirudisha yenyewe. Wewe umekaa juu ya ufagio.

Ndani ya wingu sikio linakudanganya. Ukilala kando taratibu, maji yaliyo ndani ya sikio yanatulia na kukuambia uko sawa. Ukinyooka, yanakuambia umeinama. Mfumo unaoshika mkao hauna sikio. GFC 600H ina kitufe cha LVL: kibonyeze, nao unainyoosha helikopta wakati wewe unavuta pumzi na kuanza kusoma vyombo. Mtu anayetoka Wilson saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwezi wa saba, akielekea Limuru ambako ukungu hauna ratiba, kwake kitufe hicho kina thamani kuliko mihimili yote ya brosha.

Ila hakikupi leseni ya kuingia winguni. Helikopta ya kuruka kwa macho inabaki ya kuruka kwa macho. Kupata cheti cha kuruka kwa vyombo kwa injini moja ni safari ndefu, na Bell 407GXi na Leonardo TH-119 zilikipata Marekani mwaka 2019 tu. Tena otopailoti haioni mlima. Kilele cha Ngong kiko karibu mita 2,460, na mfumo utakupeleka pale ukiwa umenyooka kama rula.

Uzito, vumbi na karatasi

Uzito si tatizo kama watu wanavyodhani. HeliSAS inatangazwa kuwa chini ya pauni 15, karibu kilo 7. Hayo ni mafuta ya lita tisa hivi, dakika tatu za AS350 angani.

Vumbi ndilo adui. Helikopta inayotua kwenye nyasi kavu za Mara msimu mzima inarudi na mchanga hadi ndani ya viunganishi vya waya. Nusu ya malalamiko ya "inatingishika" niliyowahi kutatua yaliishia kwa brashi na dawa ya kusafishia kontakti, na nyingine kwenye kiungo cha fimbo kilichochakaa, ambacho kompyuta haiwezi kukitibu. Kila asubuhi rubani awashe mfumo akiwa chini, abonyeze kitufe cha kuukata, ahakikishe unakatika. Sekunde kumi.

Karatasi ndizo zinazovunja moyo. Kifaa lazima kiwe na idhini kwa modeli yako hasa, si ya binamu yake, na idhini hiyo ikubaliwe na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya. Kuna muuzaji mmoja, simtaji, aliyemletea mzee mmoja seti nzima iliyoidhinishwa kwa modeli jirani. Kasha lilikaa kwenye kona ya hanga letu miezi minane, paka akalizalia juu yake. Omba kuona hati kabla ya kutuma pesa, pamoja na kurasa za nyongeza za kitabu cha helikopta.

Ningekuwa wewe

Mwenye helikopta ndogo ya R44 au R66 ya safari zake za wikendi, anayeruka peke yake: mfumo unaoshika mkao, mihimili miwili, bila kusita. Yeye ndiye hana mtu wa kumshikia fimbo akitafuta masafa ya redio. AS350 au Bell 407 ya watalii: miwili na kitufe cha kunyoosha, wa tatu ukibaki na bajeti. Helikopta ya kukimbiza wanyama ili wadungwe dawa, au ya kubeba mizigo kwa kamba, inaishi kwenye kona kali na miti mifupi. Hapo kumbukumbu ya mkao inaweza kukukera, na SAS nyepesi au mikono mitupu inafaa zaidi. Injini mbili za kubeba wagonjwa usiku au kufanya kazi baharini: minne, na usibishane bei.

Shule ya urubani? Mwanafunzi ajifunze ufagio kwanza, kifaa kikiwa kimezimwa. Hapa tunagombana na wenzangu, wengine wanasema awashiwe tangu siku ya kwanza kwa sababu wingu halisubiri aive. Sijabadili msimamo.

Kapteni alichukua miwili. Wiki ya kwanza alinipigia akilalamika fimbo inampinga, nikajua hata kabla hajamaliza kwamba habonyezi kitufe. Wiki ya tatu akaja hangani, safari hii na chai yangu pia.

"Fundi, ule mkono wa kulia umepona. Sasa unaniuma wa kushoto. Kila nikiwasha kimo nashinda nao kwenye kolektivu mpaka Wilson."